Nani mwenye ufuko? Kutoka Kasenga hadi Kuruwitu

Mtaa wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba, uko mbali na maji makubwa. Lakini Lubumbashi imepokea jamaa nyingi zilizokimbia vita upande wa Pweto, Moba na Kalemie, watu waliokulia kando ya ziwa. Wanajua kwamba ufuko una wenyewe. Na mji huu uliowapokea ulichangia kuwanyang'anya wenyewe hao nguvu yao.

Mji ulianzishwa mwaka 1910, na wachimba migodi walitaka kula. Wafanyabiashara Wagiriki wakajipanga Kasenga, kwenye mto Luapula, wakanunua samaki, wakawatia barafu na kuwaleta Elisabethville kwa malori. Aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu. Kila mwaka wakati wa mvua, mpumbu walitoka ziwa Mweru wakapanda Luapula kwa makundi kutaga mayai, na nyavu zilikuwa zinawangoja hapo hapo. Zamani vidimbwi na mapito ya samaki vilikuwa mikononi mwa koo, na wakubwa wao ndio waliosema siku ya kuanza kuvua. Lori lilipofika, mwenye nyavu nyingi hakuwa tena na haja ya kumwuliza mzee. Kufikia karibu mwaka 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imeanguka.

Pwani ya Kenya ilianza vibaya kwa namna nyingine. Mwaka 1968 serikali ilitenga hifadhi za bahari Malindi na Watamu: samaki wakalindwa, mvuvi akawekwa nje. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, kujaribu wenyewe. Samaki walikuwa wamepungua, matumbawe yameharibika. Mwaka 2003 walianzisha chama, na mwaka 2005 wakafunga hekta 30 hivi za bahari, mahali walipopaita tengefu. Haikuwa salongo ya kuamriwa kutoka juu, ingawa kumwambia mvuvi mwenye njaa asiguse maji ya baba yake si jambo dogo. Samaki walirudi. Mwaka 2017 chama kilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Mwaka 2007 kanuni za Kenya zilikuwa zimeshatambua vikundi vya kusimamia fukwe. Uganda ilikuwa navyo pia, ikavisimamisha mwaka 2015, kisha mwaka 2017 ikapeleka wanajeshi ziwani, na mitumbwi mingi ikachomwa.

Katika vikundi hivyo haandikwi mwenye mtumbwi peke yake. Baria anayevua kwa mtumbwi wa mwingine anaandikwa, na mama anayekausha na kuuza samaki pia. Kwa waliohama, hapo ndipo penye uzito. Mtu anayekimbia vita hufika ufukweni bila mtumbwi wala wavu. Akiwa kwenye daftari, anakaa mkutanoni wakati siku za kufunga zinapopangwa. Asipokuwamo, samaki wakipungua, mgeni ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole.