Somo la Redio: Nafasi Kati ya Maneno

Leo tutazungumza juu ya kitu kisicho na sauti wala wino: nafasi tuiachayo kati ya neno na neno.

Zamani watu wa Tanga waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndivyo alivyoandika Hemedi bin Abdallah el-Buhry utenzi wake juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima vya mwaka 1888. Katika mwandiko ule, alifu na wau haziungani na herufi ifuatayo. Kwa hiyo pengo huonekana hata katikati ya neno. Msomaji hakupotea, maana aliijua lugha. Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza kupigwa chapa Tanga kwa herufi za Kilatini, nalo lilitenga maneno kwa nafasi.

Kompyuta haijui lugha, yajua namba. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya herufi za mashine iitwayo ASCII. Nafasi nayo ilipewa namba yake: 32.

Sasa fikirini Ras Kazone, walipotua askari wa Waingereza Novemba 1914. Mtu aiagiza kompyuta iulizie mahali hapo katika ramani ya intaneti. Swali hupelekwa kwa anwani, na jina limo ndani yake. Mashine ikikuta nafasi baada ya "Ras", hudhani anwani imekwisha. Swali hukataliwa, au hutafutwa "Ras" tu, na rasi ni nyingi.

Hili si jambo dogo. Ukitafuta hivyo vijiji vyenye kuhitaji zahanati, kijiji chenye jina la maneno mawili chaweza kukosekana katika ramani, ikadhaniwa kwamba hakuna watu.

Dawa imo katika kanuni za anwani zilizotolewa Desemba 1994: mahali pa nafasi, andika %20. Mbona 20, wala si 32? Kwa sababu hapa twahesabu kwa mafungu ya 16. Mbili ni mafungu mawili, yaani 32. Sifuri ni kwamba hakuna kilichosalia. Basi jina huwa Ras%20Kazone. Ramani ikijibu, mtu husoma Ras Kazone kama kawaida.

Chukueni kalamu. Andikeni Dar es Salaam kwa njia hiyo.

Tayari? Jibu ni Dar%20es%20Salaam. Aliyesahau nafasi ya pili aandike tena. Kwaherini.