Tita la Kuni na Kauli Iliyotenguliwa

Wazee wetu wa pwani walipotuambia kuwa maji yakimwagika hayazoleki, aghalabu walikuwa wakituonya juu ya ulimi, kwa kuwa neno likishatoka kinywani na kuingia masikioni mwa watu halirudi tena lilikotoka. Na hata hivyo kila lugha inacho kitenzi cha kuelezea jaribio hilo la kuyazoa maji. Sisi husema mtu amefuta kauli, amekana, ameghairi, ametengua ahadi, na tukitaka kumtweza, amekula matapishi yake. Waingereza nao wanavyo vyao, lakini kimoja katika hivyo, yaani *recant*, kimebeba historia nzito kuliko ndugu zake wote, na kwa muda mrefu nimeona kuwa sisi hukifasiri kwa wepesi kisioustahili.

Asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya kuimba, likatiwa kiambishi cha kurejea. Hivyo maana yake ya mwanzo ni kuimba mara ya pili, kuurejea wimbo kwa kuugeuza. Nyuma ya Kilatini kuna Kigiriki, na nyuma ya Kigiriki kuna kisa alichokisimulia Plato juu ya mshairi Stesichorus, ambaye alimsengenya Helen wa Troy katika utungo wake, akapofuka macho, akatambua taksiri yake, akatunga utungo mwingine wa kukanusha kuwa bibi yule alipata kupanda merikebu kwenda Troy, na papo hapo akarudishiwa nuru yake. Wimbo wa kwanza haukufutwa, maana watu walikwisha kuusikia. Uliwekewa wa pili juu yake, na wenye masikio wakabaki na nyimbo mbili. Kufuta ni kazi ya kitambaa juu ya ubao wa chuoni, ambapo wino huondoka na ubao ukabaki mweupe. Kitenzi hiki cha Waingereza hakidai hilo hata kidogo.

Katika maandishi ya Kiingereza kilianza kuonekana katika miaka ya 1530, wakati Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akijitenga na Papa, lakini jambo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Sheria ya mwaka 1401 iliagiza kuwa mzushi atakayekataa kuacha uzushi wake, au atakayeuacha kisha akaurudia, akabidhiwe kwa maofisa wa serikali na kuchomwa moto mahali pa juu, hadharani, ili watu waogope. Na mwaka huo huo padri William Sawtrey alichomwa kwa kosa hilo la kurudia. Mtu aliweza kujiokoa kwa kutengua kauli yake mara moja. Mara ya pili haikuwako.

Na huo wokovu wa mara moja ulikuwa na alama yake. Aliyetengua alitwishwa tita la kuni begani, akaandamanishwa nalo mbele ya kaumu mpaka penye mimbari, akasimama nalo huku mhubiri akiyakemea makosa yake. Na wengine walishonewa sura ya tita hilo katika mkono wa vazi, wakatembea nalo sokoni na kanisani. Haikuhitajiwa tafsiri, kwani kila aliyemwona alijua kuwa kuni zile ndizo ambazo zingalimchoma, na kwamba zingali zinamngoja. Thomas Bilney, mwanachuoni wa Cambridge, alilibeba tita lake katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, London, mwaka 1527, akafungwa, akaachiliwa, akarudi Cambridge akiwa na huzuni kubwa hata rafiki zake hawakuthubutu kumwacha peke yake. Hatimaye aliaga, akaenda kuhubiri mashambani katika nchi ya Norfolk yale yale aliyoyatengua, na mwezi wa Agosti 1531 akachomwa Norwich. Sidhani kuwa moto ule ulimwumiza kuliko ile miaka ya ukimya.

Lakini mtu aliyekitia kitenzi hiki muhuri wake ni Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1533, ambaye ndiye aliyetangaza kuwa ndoa ya Henry na Catherine wa Aragon ni batili, na ambaye kwa hiyo alipotawazwa Malkia Mary, binti wa Catherine huyo, mwaka 1553, hakuwa na wa kumtetea. Nami sipendi kumpamba kupita haki yake: alipokuwa na mamlaka alikuwa miongoni mwa waliomhoji John Frith, aliyechomwa mwaka 1533. Sasa zamu ikawa yake. Alifungwa Oxford, katika gereza la Bocardo lililokuwa juu ya lango la mji, na mwezi wa Oktoba 1555 alipandishwa mahali pa juu ili awatazame wenzake wawili, Latimer na Ridley, wakiteketea. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, akiwa mzee wa miaka 66, alianza kutia sahihi hati za kutengua imani yake, za kwanza zikiwa na maneno ya kujificha, za mwisho zikiwa za kujisalimisha kabisa. Jumla yake zilikuwa sita. Kwa desturi ya sheria ya kanisa ilipasa asalimike. Malkia aliazimia asisalimike.

Asubuhi ya tarehe 21 Machi 1556 mvua ilikuwa ikinyesha, na kwa sababu hiyo mahubiri yaliyokuwa yafanywe penye nguzo ya moto yalihamishiwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria. Cranmer alisimamishwa juu ya jukwaa, akiwa na hotuba aliyokwisha kuiandika na wakuu wakaikubali. Akaanza kama ilivyoandikwa, akasali, akawausia watu wamtii mfalme na malkia. Kisha, pale ambapo ilimpasa athibitishe hati zake zote, akasema kuwa mambo yale aliyaandika kwa mkono wake kinyume cha yaliyokuwa moyoni mwake, kwa hofu ya mauti, na kwa kuwa mkono wake ndio uliokosa, huo ndio utakaoungua kwanza. Wakamshusha kwa nguvu, wakamkimbiza mpaka kwenye nguzo. Moto ulipowaka alinyosha mkono wa kuume akauingiza ndani ya ndimi za moto, na watu wote wakaona.

Serikali ikachapisha kijitabu chenye hati zote sita, pamoja na hotuba ile aliyokuwa ameitayarisha, ila siyo ile aliyoitoa. Hata hivyo waliokuwamo kanisani walikuwa wengi, na habari ikaenea.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili la kutengua kauli liliingia mahakamani pamoja na sheria ya Waingereza. Mwaka 1967, katika shauri lililotoka Uganda, majaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki walitenga watu wawili ambao wengi wetu huwachanganya: mshitakiwa anayesema kuwa ungamo lile hakulitoa kamwe, na mshitakiwa anayekubali kuwa alilitoa lakini sasa anarudi nyuma, aghalabu kwa sababu alitishwa au alidanganywa. Wakaamua kuwa ni hatari kumtia mtu hatiani kwa ungamo la namna hiyo bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, isipokuwa mahakama ikiwa na yakini kamili kuwa lazima ni la kweli.

Lugha yetu inao uwezo wa kuwatenga watu hao wawili. Anayesema hakusema, huyo amekana. Cranmer hakukana: aliikubali sahihi yake na akautaja mkono ulioiandika. Kutengua hutokea penye kitu kilichofungika kweli, kama udhu au nadhiri, na bila shaka hati zake zilikuwa zimefungika. Bungeni, Spika akimwagiza mheshimiwa afute kauli yake, neno kufuta linafaa, kwa kuwa muradi ni adabu ya kikao na shughuli iendelee. Lakini nawasihi wafasiri wetu, na hasa makarani wa mahakama ambao kwa neno lao moja mtu huenda jela au nyumbani, wasiandike kuwa mtu amekana ikiwa alichofanya ni kutengua.