Foleni ya Kulimiwa

Trekta ninalolimia Isimani, mkoani Iringa, ni Massey Ferguson 135, toleo lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini yake ni Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Haina kompyuta wala plagi; dizeli hulipuka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Betri ikifa, unaliteremsha mlimani, unaachia klachi, linawaka. Kulizima unavuta kitasa kinachokata mafuta.

Adui yake ni hewa. Tangi likikauka tu, mapovu huingia kwenye njia ya mafuta na injini hugoma. Hapo unalegeza skrubu ya chujio, unapampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu, unakaza, kisha unahamia kwenye pampu ya nozeli. Mikono hunuka siku nzima. Mafundi vijana huidharau kazi hii, lakini ndiyo inayolifanya trekta liwe langu kweli: silazimiki kumwita mtu kutoka mjini.

Si kila trekta Tanganyika lilikuwa la mkulima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, na baadhi ya mitambo iliyoletwa ilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kiangazi ardhi ya Kongwa iligeuka saruji. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 hivi zimekwenda nao.

Isimani ilikwenda njia nyingine. Miaka ya 1950 watu binafsi walifyeka pori wakalima mahindi. Waliofanikiwa walinunua matrekta, wengine wakayakodi. Huku mvua ni msimu mmoja, tena haba. Anayepanda mapema huvuna; anayechelewa hubahatisha. Foleni ya kulimiwa hupangwa na mwenye trekta: kwanza shamba lake, halafu anayelipa taslimu, halafu ndugu, na mjane mwisho. Daftari hilo ninalo mimi sasa, najua linavyoandikwa.

Kwa hiyo Azimio la Arusha la 1967 lilipozungumzia unyonyaji, hapa neno hilo lilikuwa na magurudumu manne. Mjane wa mwisho kwenye foleni alikuwa na kila sababu ya kutaka trekta liwe la kijiji. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliusukuma ujamaa Isimani kwa nguvu. Desemba 25 alimfuata mkulima Said Mwamwindi shambani kwake. Wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akamuua. Alihukumiwa kifo, akanyongwa.

Wasimuliaji wengi hubishana kuhusu nani alimtukana nani. Mimi huitazama tarehe. Krismasi ya Isimani huangukia kwenye wiki zilezile za kulima, ambapo siku moja ikipotea huirudishi. Hilo halimwoshi mtu damu. Lakini huwezi kuielewa hasira ya siku ile, wala ya wale waliokuwa upande wa Klerruu, kama hujawahi kusubiri trekta huku wingu limeshafunga.

Msimu huu daftari langu lina majina 11. Nitaanza na mama mmoja mwenye ekari mbili, kabla hata ya shamba langu. Liko njiani, na dizeli ni ghali.