Wadukuzi wa Kwanza Hawakudukua: Historia ya Meza Moja ya Reli

Katika somo la tafsiri tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu hapa Kampala aya ya Kiingereza kuhusu vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliojiita "hackers". Wengi wao, bila kusita, waliandika wadukuzi. Magazeti yetu yanawaunga mkono, kwani ndivyo yanavyoandika kila siku. Tatizo ni kwamba aya ilipokamilika katika Kiswahili, vijana wale walikuwa wamegeuka wezi, ilhali katika Kiingereza hawakuiba hata msumari. Tumeona ni vyema tueleze walikuwa akina nani na neno lao lilikulia wapi. Lilikulia chini ya meza ya treni ndogo za mfano.

Klabu yao, Tech Model Railroad Club, iliundwa mwaka 1946 katika MIT, chuo cha teknolojia kilichopo Cambridge, Massachusetts. Ilipata chumba katika Jengo Namba 20, jengo la mbao lililosimamishwa haraka haraka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lilikuwa jengo la muda tu, lakini lilidumu miaka 55. Humo wanachama walijenga meza kubwa yenye milima, miji, stesheni na njia za reli. Kipimo chao kilikuwa kile kiitwacho HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Behewa la mita 15 linakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi.

Wanachama walikuwa wa aina mbili. Wapo waliopenda juu ya meza: kupaka rangi nyumba, kupanda miti, kuunda mabehewa yafanane na ya kweli. Wengine walipenda chini ya meza, kwenye nyaya. Hao wa pili ndio wanaotuhusu.

Treni ndogo hupata umeme kutoka kwenye reli zenyewe. Ukiweka treni mbili juu ya reli hizo hizo, zote mbili zitatii mkono mmoja: zikienda zinaenda pamoja, zikisimama zinasimama pamoja. Dawa yake ni kuikata njia vipande vipande, kila kipande kikapata umeme wake, kisha kila dereva akaunganishwa na kipande ambacho treni yake imefika. Ni rahisi kusema! Kuitenda kazi hiyo kwa njia ndefu yenye madereva kadhaa kulihitaji mitambo. Vijana walitumia vifaa vya simu, vikiwemo vile vya kuzungusha namba, na kufikia mwaka 1962 chini ya meza kulikuwa na rilei zipatazo 1,200.

Kumbukumbu za mkutano wa klabu wa Aprili 1955 zina ombi dogo: yeyote anayefanya kazi au "anaye-hack" kwenye mfumo wa umeme azime umeme kwanza, asije akaunguza fyuzi. Mwaka 1959 mwanachama Peter Samson aliandika kamusi ya msamiati wa klabu. Kwa maelezo yake, "hack" ilikuwa shughuli isiyo na faida ya maana, ambayo mtu hujitosa ndani yake kwa ushauri wake mwenyewe mbaya. Sisi walimu wa lugha tunaifurahia kamusi hiyo: kijana wa chuo, bila kutumwa na baraza lolote, aliona wenzake wana lugha yao akaiandika.

Kutoka kwenye rilei vijana hao walihamia kwenye kompyuta. Ilipofika MIT kompyuta iitwayo TX-0 mwaka 1958, ndio waliokesha nayo. Mwaka 1962 mchezo wa Spacewar! ulipoanza kuchezwa kwenye PDP-1, Alan Kotok na Bob Saunders waliuundia vidude vya kuchezea kwa vipuri walivyookota klabuni. Neno likaenda nao, likazunguka dunia, na njiani likachukuliwa na habari za uhalifu.

Meza je? Jengo Namba 20 lilibomolewa mwaka 1998. Klabu ilikuwa imepewa chumba katika jengo lililokuwa na makumbusho ya MIT, lakini sehemu kubwa ya meza haikuweza kuhamishwa. Ilikuwa imejengwa pale pale, ikashikamana na chumba. Ikavunjwa. Wanachama wakaanza upya, na kazi ya rilei ikachukuliwa na vichakataji vidogo vinavyoongozwa na kompyuta. Juu ya meza mpya waliweka mfano wa jengo refu la chuoni, Green Building, wakatia taa madirishani ili mtu aweze kucheza Tetris juu yake. Aprili 2012 wanafunzi wa MIT walifanya hivyo hivyo kwenye jengo lenyewe. Faida yake? Hakuna, kama kamusi ya 1959 ilivyosema.

Sasa turudi darasani. Katika "mdukuzi" sikio la Mswahili husikia kudukiza, yaani kutegea maneno ya watu kwa siri. Linamfaa mvunja akaunti za benki. Halimfai kijana aliyelala chali chini ya meza akiunganisha nyaya. Wala hatulazimiki kuunda neno jipya: reli ilipoingia nchi hizi, mataruma ya chombo cha baharini yaligeuzwa mataruma ya reli, na hakuna aliyelalamika.

Mwanafunzi mmoja alirudisha aya yake ikiwa na "mafundi watundu". Mwenzake alipinga kwamba mtundu ni mtoto msumbufu. Akajibiwa kwamba ndiye pia mtoto anayeifungua redio ya baba ili aone sauti inatoka wapi. Tulimpa alama zote, na katika aya ile "wadukuzi" tumelikata kwa kalamu nyekundu.