Tamko la Mwaka 1862 na Uhuru wa Unguja

Tarehe 10 Machi, 1862, Lord Cowley, balozi wa Uingereza mjini Paris, na Bwana Thouvenel, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, walitia sahihi tamko fupi mno, lisilofika ukurasa mmoja. Kwa tamko hilo dola zao mbili zilisema ya kuwa, kwa kuona umuhimu wa kudumu kwa uhuru wa Sultani wa Maskati na uhuru wa Sultani wa Unguja, zimeahidiana kuuheshimu uhuru huo. Neno la kuangaliwa sana hapa ni "zimeahidiana". Ahadi haikutolewa kwa Seyyid Majid aliyetawala Unguja, wala kwa ndugu yake Seyyid Thuwaini aliyetawala Maskati. Mfaransa alimwahidi Mwingereza, na Mwingereza akamwahidi Mfaransa. Wenye uhuru unaosemwa hawakuwako, wala sahihi zao hazikutakwa.

Waandishi wa habari za pwani aghalabu hulipitia tamko hili kwa mstari mmoja, wakakimbilia mikataba ya Karl Peters na mambo ya mwaka 1890. Mimi naona ya kuwa mambo hayo hayafahamiki vema pasipo kulitazama tamko lenyewe, jinsi lilivyozaliwa, na bei liliyouzwa.

Yatubidi turudi nyuma kidogo. Ugomvi wa Waingereza na Wafaransa katika Bahari ya Hindi ulikuwa wa zamani, na nasaba ya Al Busaidi iliujua tangu mapema. Napoleon alipoingia Misri mwaka 1798, Kampuni ya Kiingereza ya Bara Hindi ilifanya haraka kupatana na Sultan bin Ahmad wa Maskati, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule akaahidi kuwa upande wa Waingereza na kuwazuia Wafaransa wasikae katika nchi yake. Mwanawe, Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala mpaka mwaka 1856, aliishi na ugomvi huo maisha yake yote, na kwa hakika aliujua kama nahodha ajuavyo majira ya pepo zake. Mkataba wake wa kwanza wa biashara na taifa kubwa la magharibi haukuwa na Mwingereza wala Mfaransa, bali na Mmarekani, Edmund Roberts, tarehe 21 Septemba, 1833. Uingereza ilifuata mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Kwa mikataba hiyo ushuru wa bidhaa ziingiazo ulifungwa kuwa asilimia tano, nao wageni wakapata haki ya kuweka mabalozi wao. Hata neno hili "balozi" lina safari ndefu: lilitufikia kwa Waarabu wa Ghuba na kwa Waturuki, nao walilipokea kutoka kwa watu wa Venice, waliomwita hivyo mjumbe wao aliyekaa Istanbul.

Waweza kusema ya kuwa Seyyid Said alijifunga mwenyewe kwa mikataba hiyo, na ni kweli ya kuwa ushuru wa asilimia tano uliwabana sana waliomrithi. Walakini katika siku zake njia ile haikuwa ya kijinga. Alipowaona Wafaransa wakitwaa Nosy Be na Maote mnamo mwaka 1841, alijua ya kuwa rafiki mmoja hatoshi. Mwaka 1836 alimtunukia mfalme wa Uingereza jahazi kubwa la vita liitwalo Liverpool. Mwaka 1840 akaipeleka Sultana mpaka New York pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Mwaka 1854 akampa Malkia Victoria visiwa vya Kuria Muria. Kila zawadi ilikuwa na jirani yake: huyu akipewa, yule huona wivu, na wivu huo ndio uliokuwa ngome ya Unguja. Mwaka 1845 Waingereza walimtaka azuie watumwa wasisafirishwe nje ya milki yake ya Afrika, naye akakubali, kwa kuwa kwake kumpoteza Mwingereza kulikuwa hasara kubwa zaidi. Isisahauliwe hapa ya kuwa utajiri alioulinda kwa werevu huo ulisimama juu ya migongo ya watumwa wa mashamba ya karafuu.

Alipofariki baharini mwezi wa Oktoba, 1856, ngome hiyo ilianza kupasuka. Thuwaini alidai dola yote, Majid akashikilia Unguja. Mwaka 1859 Thuwaini alituma majahazi yaje kupigana na nduguye, na Waingereza wakayarudisha. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Seyyid Barghash, ndugu mwingine, alimwasi Majid na kujifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseilles. Mabaharia wa manowari za Kiingereza wakamsaidia Majid kuuzima uasi, na Barghash akapelekwa Bombay. Balozi wa Kiingereza, Rigby, alishuku ya kuwa balozi wa Ufaransa alikuwa nyuma ya jambo hilo. Tena ilipofika mwaka 1860, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Reunion walijenga jumba kubwa mjini, na wako Waingereza waliolitazama wakaona kambi ya askari badala ya kanisa na hospitali.

Shauri la ndugu hao wawili lilipelekwa kwa Lord Canning, aliyeitawala Bara Hindi kwa niaba ya Malkia. Tarehe 2 Aprili, 1861, alihukumu ya kuwa Unguja itengwe na Maskati, na Sultani wa Unguja amlipe wa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Ndipo Wafaransa walipotaka kujua: je, dola iliyogawanywa kwa hukumu ya Mwingereza bado ni dola huru? Jawabu lao ni lile tamko la Paris. Basi lilizaliwa kwa shaka. Halikuwa tunu kwa Majid. Lilikuwa kamba iliyofungwa na wawili wasioaminiana, kila mmoja akashika ncha yake ili mwenziwe asisogee.

Na kamba hiyo, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, ilifaa. Mwingereza alikuwa na nguvu nyingi Unguja, hasa baada ya John Kirk kushika ubalozi, lakini hakuipandisha bendera yake. Mwaka 1873, Barghash ambaye sasa ndiye Sultani alipotakiwa afunge soko la watumwa, alikataa kwanza na kuutazamia msaada wa Wafaransa. Lakini Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na Wajerumani miaka miwili tu kabla ya hapo, haikuwa na hamu ya kugombana tena, na Barghash akatia sahihi mwezi wa Juni. Hapo palikuwa na onyo. Kamba ya watu wawili hukaza madhali wote wawili wanavuta. Mmoja akilegea, aliye katikati huanguka.

Bila shaka msomaji anajua yaliyotokea mwaka 1884, jinsi Karl Peters alivyopita Usagara, Ungulu, Uzigua na Ukami akikusanya alama za majumbe kwenye karatasi wasizozisoma, na jinsi Kaisari alivyompa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Sitayarudia. Linalohusu habari yetu ni kwamba Ujerumani haikuwa imetia sahihi tamko la mwaka 1862. Miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilikuwa na mkataba wa biashara na Unguja tangu mwaka 1859, na nyumba za O'Swald na Hansing zilifanya biashara kubwa pale, lakini hapakuwa na ahadi iliyomfunga Bismarck kuuheshimu uhuru wa Sultani. Barghash alipompelekea Kaisari malalamiko kwa simu, mwezi wa Aprili, jibu lake lilikuwa manowari. Tarehe 7 Agosti, 1885, zilitia nanga mbele ya jumba lake, na kabla wiki haijaisha alikubali.

Mara nyingi husemwa ya kuwa Barghash aliponzwa na Kirk, rafiki aliyemwamini kupita kiasi. Sioni kuwa maneno haya yatosha. Kirk mwenyewe alisikitika, lakini maagizo aliyoyapata kutoka London yalikuwa ya kumtuliza Sultani. Uingereza mwaka ule ilikuwa na taabu Misri na Sudani, ambako Gordon alikuwa ameuawa mwezi wa Januari, nayo ilikaribia kupigana na Warusi mipakani mwa Afghanistani. Ilimhitaji Bismarck. Barghash angempenda Kirk au asimpende, hesabu ile isingebadilika. Kilichokosekana ni mwenye kushika ncha ya pili. Ufaransa, ambayo kwa tamko lake ingeweza kuuliza, ilikuwa na macho yake Bukini na Ngazija.

Kisha ikaja tume ya kupima nchi ya Sultani, Kitchener kwa Uingereza, Schmidt kwa Ujerumani, na Patrimonio kwa Ufaransa. Mwenye nchi hakupewa kiti. Mapatano ya London na Berlin, ya mwisho wa Oktoba na tarehe 1 Novemba, 1886, yalimwachia visiwa, ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara mpaka Kipini, na miji kadha ya Banadiri. Nayo mapatano hayo yana kifungu ambacho kila nikisomapo hunishangaza: Ujerumani ilikubali kuingia katika tamko la mwaka 1862. Yaani siku ile ile walipomgawanya, waliongeza mtu wa tatu katika kiapo cha kuuheshimu uhuru wake. Sidhani ya kuwa walioandika walifanya mzaha. Kwao "uhuru wa Sultani" maana yake ilikuwa kwamba yaliyobaki asiyachukue mmoja wao bila ya wenziwe kuwa radhi.

Barghash alifariki mwezi wa Machi, 1888. Khalifa aliyemfuata aliikodisha pwani ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani, vita vya Abushiri vikawaka, naye akafa mwezi wa Februari, 1890. Akatawala Seyyid Ali bin Said, na kabla ya nusu mwaka mambo yalikwisha. Tarehe 14 Juni, 1890, alikubali himaya ya Waingereza. Himaya kwa Kiarabu ni ulinzi, na neno hilo likiandikwa katika mkataba halionyeshi analindwa nani na nani. Tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano yao makubwa: Ujerumani iliitambua himaya ile, ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, kilichokuwa mkononi mwa Waingereza tangu walipokitwaa kwa Wadenmark mwaka 1807. Pwani iliyokodishwa ilinunuliwa na Wajerumani kwa marki milioni nne.

Hapo ndipo tamko la mwaka 1862 lilipoamka. Balozi wa Ufaransa mjini London, Waddington, alimwendea Lord Salisbury akamkumbusha ya kuwa uhuru wa Unguja una shahidi mwingine. Angaliwe kwa makini alichokidai. Hakuomba himaya ifutwe. Alidai fidia. Na tarehe 5 Agosti, 1890, ikalipwa: Ufaransa iliitambua himaya ya Waingereza juu ya Unguja na Pemba, na Uingereza ikaitambua himaya ya Wafaransa juu ya Bukini, pamoja na eneo kubwa la Sahara toka Aljeria mpaka mstari wa Say na Barruwa. Juu ya Sahara, Salisbury aliwaambia mabwana wa baraza lao kwa utani ya kuwa mkulima angeiona ni ardhi nyepesi, jambo ambalo Waddington hakulipenda hata kidogo.

Lakini Bukini haikuwa jangwa. Ilikuwa na malkia, na waziri mkuu, na jeshi, na mikataba yake yenyewe na Waingereza, ukiwamo wa mwaka 1865. Watawala wa Antananarivo walikuwa wamefanya kama Seyyid Said alivyofanya, wakimweka Mwingereza upande huu na Mfaransa upande huu. Sasa hao wawili walibadilishana visiwa, na hakuna aliyetuma habari Antananarivo kuuliza. Mwaka 1895 majeshi ya Ufaransa yaliingia mji huo, na mwaka 1896 nchi ikafanywa koloni. Wanaosoma historia ya Unguja peke yake hawaioni hesabu hii, na wanaosoma historia ya Bukini peke yake nao huona nusu yake tu. Kwa kuwa watu wa pwani na wa Bukini wamefanya biashara na kuoana tangu karne nyingi, naona ni haki zisomwe pamoja.

Imebaki nusu ya pili ya tamko, yaani Maskati, ambayo kwa bahati hutupa kipimo. Waingereza walikuwa na nguvu Maskati kama walivyokuwa nazo Unguja, na wako waliotaka himaya itangazwe huko pia. Haikutangazwa, kwa sababu ya maneno yale yale ya mwaka 1862. Badala yake mwaka 1891 Sultani Faisal bin Turki alitia sahihi, kwa siri, hati ya kuahidi ya kuwa yeye na warithi wake hawatampa mtu yeyote sehemu ya nchi yao ila Serikali ya Kiingereza. Wafaransa nao, waliokuwa wakiwapa manahodha wa Sur bendera yao ili majahazi yao yasipekuliwe, walishikilia tamko hilo wapate kukaa mahali pale. Karatasi moja, basi, iliuza Unguja na kuizuia Maskati isiuzwe. Wala Faisal hakumzidi Ali akili. Tofauti ni kwamba mwaka 1890 palikuwa na kitu mkononi cha kumpa Mfaransa kwa ajili ya Unguja, na kwa Maskati hakikupatikana kitu alichokiona chatosha.

Shauri la bendera za Sur lilipelekwa mbele ya waamuzi huko The Hague, na hukumu yao ya tarehe 8 Agosti, 1905, inataja tamko la Cowley na Thouvenel kuwa ni ahadi iliyo hai. Waliamua ya kuwa bendera zilizotolewa kabla ya tarehe 2 Januari, 1892, ni halali, na baada ya hapo Ufaransa isiwape ila wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Majahazi hayo ya Sur yalikuwa yakija kila kaskazi katika bandari ya Unguja, nahodha wake akiwa na karatasi ya Kifaransa ndani ya sanduku lake, na forodhani ikipepea bendera nyekundu ya Sultani kama zamani.