Mtindi na Ndoto ya Kuishi Miaka Mingi

Hivi unajua ni nani aliyechangia sana kuwafanya watu wa Ulaya wauone mtindi kama dawa ya uzee? Ni Élie Metchnikoff, mwanabiolojia aliyezaliwa mwaka 1845 katika eneo ambalo leo ni Ukraine. Wala hakuwa mganga wa mtaani: mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi yao kuhusu kinga ya mwili.

Akiwa Taasisi ya Pasteur, Paris, Metchnikoff aliamini kwamba tunazeeka kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huozesha mabaki ya chakula na kutoa sumu. Sasa, maziwa yaliyoganda hayaozi haraka, kwa sababu bakteria wake hutoa asidi. Je, wakiingia tumboni si watazuia uozo huko pia? Alisikia kwamba wakulima wa Bulgaria, wanywaji wakubwa wa mtindi, huishi sana. Tayari mwaka 1905 Stamen Grigorov, daktari kijana Mbulgaria aliyekuwa Geneva, alikuwa amemtambua bakteria wa mtindi huo. Basi, Metchnikoff akawa anakunywa maziwa ya mgando kila siku, na wafanyabiashara nao wakachangamka.

Lakini hofu ya sumu za tumboni ilikuwa na upande wa kutisha. Kule London, daktari wa upasuaji William Arbuthnot Lane alikuwa akikata na kuondoa utumbo mpana wa wagonjwa. Wapo waliopoteza maisha kwa ajili ya nadharia ambayo haijathibitishwa.

Metchnikoff mwenyewe alifariki mwaka 1916, akiwa na miaka 71, kwa ugonjwa wa moyo. Hilo halithibitishi kitu. Mtu mmoja si utafiti. Pigo lenyewe lilitoka Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1921, pale Leo Rettger na Harry Cheplin walipoonyesha kuwa bakteria yule wa Bulgaria hajengi makazi kwenye utumbo wa binadamu.

Kwa hiyo yote yalikuwa porojo? Hapana. Bakteria wa mtindi huwasaidia watu wanaosumbuliwa na maziwa ya kawaida kumeng'enya sukari yake. Mwaka 2017, utafiti wa India uliohusisha watoto wachanga zaidi ya 4,500 ulionyesha kuwa Lactobacillus plantarum, akipewa pamoja na chakula chake, alipunguza maambukizi makali na vifo. Mwaka uliofuata, tafiti mbili za Marekani na Kanada zikawapa watoto wenye kuhara bakteria wa jamii hiyohiyo, lakini wa aina nyingine. Hawakupona haraka kuliko wenzao waliopewa dawa bandia.

Kwa hiyo ukikuta kopo limeandikwa "bakteria rafiki", uliza: bakteria gani, kwa ugonjwa gani, na amejaribiwa kwa nani? Mtindi wako endelea kunywa, ni chakula kizuri. Ila mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya ORS, kisha mpeleke kituo cha afya.