NG'OMBE MWENYE JINA
Khabari za Wanyarwanda na mifugo yao, na jinsi watu wa Kigali walivyojifunza kuamkiana kwa makundi

Mnyarwanda aonanapo na mwenzake baada ya siku nyingi, humwamkia kwa neno moja: "Amashyo." Maana yake ni kumwombea awe na makundi ya ng'ombe. Naye mwenzake hujibu: "Amashongore," yaani, makundi hayo na yawe ya ng'ombe majike. Katika maamkio haya hakuna aliyeuliza hali ya mwili, wala ya watoto, wala ya shamba. Hata hivyo yote hayo yameulizwa, kwani mwenye ng'ombe jike ana maziwa, mwenye maziwa ana watoto walioshiba, na mwenye hayo mawili hakosi wa kubisha mlangoni pake.

Watu wa pwani walichelewa kuyasikia maneno haya. Wafalme wa Rwanda, na zaidi Kigeli wa Nne Rwabugiri aliyefariki mwaka 1895, hawakuwafungulia njia wafanyabiashara, hata zama zile ambapo misafara ilikwisha kufika Ujiji, Manyema na Buganda. Waliingia hasa pamoja na Wajerumani, wakiwa askari, wapagazi, wapishi, wakalimani na wachuuzi. Na Richard Kandt alipoanzisha boma lake Kigali mwaka 1907, wakajenga kandokando yake. Msikiti wa Nyamirambo, uliojengwa mwaka 1913, ni ukumbusho wa zama hizo. Na bidhaa iliyotia uhai katika soko lile changa ilikuwa ngozi za ng'ombe. Basi tazama tofauti: mgeni alimjua ng'ombe akiwa amekwisha kufa, amewambwa juani, akihesabiwa kwa uzani, na mwenyeji alimjua akiwa hai, na kwa jina lake.

Si haki kudhani kwamba mgeni huyo hakuwa na huruma kwa wanyama. Kwao Lamu punda ni mkono wa kulia wa mwenye nyumba, hata mwaka 1987 pakawekwa mahali pa kuwatibu na kuwatunza. Na paka wa miji ya pwani hulala penye vibaraza vya misikiti bila kufukuzwa na mtu. Tena aliyesoma Suratun-Nahl alijua ya kuwa humo mifugo imetajwa si kwa nyama na manyoya yake tu, bali pia kwa uzuri wanaouona wenye kuimiliki inaporudi jioni na inapotoka asubuhi. Ila uzuri huo aliusoma tu. Rwanda aliukuta ukitembea kilimani.

Ng'ombe waliosifika kupita wote waliitwa inyambo. Hao walikuwa wa mfalme: warefu, wengi wao wekundu wa kuiva, wenye pembe ndefu mno zilizopinda kwenda juu. Maziwa yao ni machache, na hawakufugwa kwa ajili ya maziwa. Walifugwa watazamwe. Siku za sherehe walipambwa kwa shanga vipajini na shingoni, wakapitishwa mbele ya mfalme kwa mwendo wa taratibu, nao walikuwa wamefundishwa mwendo huo tangu udogo wao. Wachungaji walikwenda nao bega kwa bega wakiwaimbia na kuwanong'oneza. Hata leo, katika makumbusho ya jumba la mfalme pale Rukari, Nyanza, inyambo wachache wanatunzwa kwa desturi hiyo, na mgeni anayefika huona kwamba mnyama yule mwenye pembe za kutisha humfuata mchungaji wake kwa sauti tu, pasipo kamba wala kiboko.

Makundi haya yalipangwa kama majeshi. Kila kundi lilikuwa na jina, na mkuu wake, na khabari zake zilizohifadhiwa kwa vizazi. Aghalabu jeshi la watu lilikuwa na jeshi lake la ng'ombe. Padre Alexis Kagame, mwanachuoni wa Kinyarwanda aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, aliandika kitabu kizima kwa Kifaransa juu ya majeshi hayo ya ng'ombe, kikatoka mwaka 1961. Nani mwingine aliyepata kuandika historia ya ng'ombe kwa uangalifu ule unaotumika katika kuandika historia ya masultani?

Juu ya hayo palikuwapo mashairi yaitwayo amazina y'inka, yaani majina ya ng'ombe. Mtunzi alimchukua ng'ombe mmoja akamsifu kama shujaa: amesimama penye hatari, amewashinda washindani, amewatangulia wenziwe. Ng'ombe, msomaji ajua, hapigani vita. Lakini aliyetunga alikuwa amekaa naye usiku na mchana, akayaona kwake mambo ambayo mpita njia hayaoni, na lugha ya ushujaa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Mapenzi hayo yaliingia katika maneno ya kila siku hata yakakaa kama chumvi katika chakula. Rangi za ng'ombe zina majina yake peke yake: bihogo ni mwekundu wa kuiva, gaju ni wa rangi ya majani makavu, igitare ni mweupe pe. Binti mzuri husifiwa kuwa ana macho ya ndama. Wazazi humwita mtoto wao Munganyinka, maana yake aliye sawa na ng'ombe. Na wale wa pwani, ambao kwao kumwita mtu ng'ombe ni kumtukana, iliwapasa kulisikia jina hilo mara nyingi kabla ya kufahamu kwamba mtoto ametukuzwa. Mwenye kuapa au kushukuru humtaja aliyempa ng'ombe, kwa kuwa hakuna fadhila ipitayo hiyo. Wanawake wachezapo ngoma huinua mikono juu ikapinda kama pembe za inyambo, na hatua zao hufuata mwendo wa kundi.

Wakazi wa mitaa ya Waswahili mjini Kigali hawakuwa na vilima vya malisho. Wabelgiji waliwaweka katika kambi yao mbali na wenyeji, na wengi wakashika biashara, ufundi, udereva, na wengine uchinjaji. Hapo ng'ombe mwenye jina na kisu vilikutana. Mafundisho ya Mtume juu ya jambo hilo ni mashuhuri: kisu kinolewe vyema, kisinolewe mbele ya macho ya mnyama, wala mnyama asiteswe. Mwuzaji aliyemlea mnyama kwa nyimbo na mchinjaji aliyefundishwa kumstiri waliweza kuelewana bila maneno mengi.

Lakini mapenzi yaweza kufanywa kamba, na historia ya Rwanda yaonyesha hivyo. Yapata mwaka 1891 sotoka, waliyoiita umuryamo, iliangamiza mifugo katika nchi, na wengi waliokuwa na kundi walijikuta na zizi tupu. Aliyetaka ng'ombe ilimbidi amwendee mwenye nao. Ndiyo desturi ya ubuhake, iliyokuwapo tangu zamani: shebuja alimpa mtu ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, na mtu huyo akawa mugaragu wake, akamtumikia. Wako waliosema ulikuwa undugu. Wako waliosema ulikuwa utumwa. Yawezekana mtu yuleyule aliuona hivi asubuhi akikama, na vile jioni akijenga ua wa bwana wake. Jambo lisilo na shaka ni kwamba ng'ombe aliyempenda kama mtoto hakuwa wake. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa aliifuta desturi hiyo mwaka 1954, ng'ombe wakagawanywa baina ya shebuja na mugaragu. Ardhi ya malisho haikugawanywa pamoja nao, na huo ulikuwa upungufu mkubwa, kwani ng'ombe hali amri ya mfalme, hula majani.

Miaka mitano baadaye mfalme huyo alifariki, na katika Novemba ya mwaka huohuo wa 1959 nyumba za Watutsi zilichomwa moto. Ng'ombe wao walichinjwa na kuliwa. Wengine walivuka mpaka kuingia Uganda wakiswaga mifugo iliyobaki, na huko ukimbizini, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, watoto waliozaliwa bila nchi walifundishwa majina ya rangi za ng'ombe kwa Kinyarwanda.

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 mambo yalikuwa hayohayo, kwa ukubwa usio na mfano. Waliouawa walikuwa mamia ya maelfu, na ng'ombe wao waliuawa pamoja nao. Haikuwa njaa peke yake. Kumwua ng'ombe wa mtu katika nchi ile ilikuwa kufuta jina lake, asibaki hata wa kumkumbuka kwa mlio.

Na mbwa nao wana khabari yao, nayo ni nzito. Mbwa aliyekuwa mlinzi wa nyumba alibaki peke yake penye ua usio na mtu, akawa na njaa, na maiti zilikuwa kila mahali. Askari wa RPF walipoishika Kigali waliwapiga mbwa risasi, na askari wa Umoja wa Mataifa vilevile, hata mji ukakaa usiku pasipo sauti ya mbwa. Watu wengi waliosalimika hawakuweza tena kumtazama mnyama yule. Dini yasimulia juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Naye mbwa wa Kigali hakuwa na kosa lake mwenyewe katika yale yaliyotendwa na binadamu. Ila ni vigumu kumlaumu aliyeona alichokiona.

Baada ya Julai 1994 wakimbizi wa kale walirudi, na wengi walirudi na ng'ombe. Makundi makubwa yalivuka kutoka Uganda yakaenea Umutara hata ndani ya hifadhi ya Akagera, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1934. Mwaka 1997 sehemu yake kubwa ilitolewa wapewe watu na mifugo. Simba na pundamilia walilipa gharama ya furaha hiyo, jambo ambalo halisemwi sana.

Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango wa Girinka, na jina lake ni ile dua ya kale: uwe na ng'ombe. Jamaa maskini hupewa ng'ombe mmoja. Ndama jike wa kwanza humpa jirani. Ng'ombe wametolewa kwa mamia ya maelfu. Aghalabu si wale wenye pembe ndefu, bali wa damu ya Ulaya, wa maziwa mengi, wanaofungwa bandani na kukatiwa majani. Mwezi Julai 2018 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alipofika Rweru, Bugesera, alitoa ng'ombe 200. Hapa hakuna shebuja wala mugaragu. Deni huishia kwa ndama, kisha wawili hao wanakuwa majirani.

Katika Kigali ya leo ng'ombe haonekani barabarani. Lakini posa isomwapo Nyamirambo, hata katika nyumba za Waislamu, mambo hayaendi bila yeye. Mahari ni haki ya mwanamke, na inkwano ni heshima ya wazee wake; watu wazima hawayachanganyi mambo hayo. Upande wa bibi arusi hutuma wachungaji wakawatazame ng'ombe walioletwa. Hutoka ukumbini wakiwa na fimbo na kofia zao, husimama nje kidogo penye magari, kisha hurudi na kutoa ushahidi kuwa wamewaona: wazuri, wanene, pembe zimepinda vyema. Ndipo mmoja wao huanza kuwataja kwa majina yao ya kusifiwa, sauti ikipanda upesi bila kuvuta pumzi, na wazee huacha vikombe vyao wasikilize. Fedha zimo katika bahasha mfukoni mwa mjomba. Nje hakuna ng'ombe hata mmoja, na kila aliyekaa pale ajua. Lakini hakuna anayecheka, na mzee wa bibi arusi hajibu neno mpaka ng'ombe wa mwisho ametajwa.